SOMO: KUCHAGUA PROGRAMU YA BILI KATIKA ZAHANATI NDOGO

Somo la leo linahusu pesa za wagonjwa. Hizi ni amana, na neno amana linajulikana kanisani na msikitini vilevile.

Tuanze na kisa.

Katika zahanati moja ya pwani hii, ambayo jina lake hatutalitaja, binti aliyekuwa akipokea pesa dirishani alikaribia kufukuzwa kazi. Jioni moja risiti za siku zilijumlishwa zikafika shilingi 4,350. Sandukuni mlikuwa na shilingi 2,900, na simu ya zahanati ilionyesha M-Pesa ya shilingi 1,250. Jumla 4,150. Shilingi 200 hazipo. Wiki iliyofuata zikakosekana 350, na ile nyingine 150. Wazee wa kamati wakaitana kando. "Huyu mtoto anakula," akasema mmoja. Wakakata shauri wanunue programu ya kompyuta ili wamshike mwizi.

Programu ikaja, pesa zikazidi kupungua. Mpaka siku moja muuguzi, mama mtu mzima, akaketi na yule binti wakapitia risiti moja baada ya nyingine. Ndipo mambo yakajulikana. Mama karanga mmoja, muuza samaki wa kukaanga, alikuwa ametibiwa kwa shilingi 300. Akatoa 100, akaahidi kuleta 200 kusi ikipungua. Binti akaandika risiti ya 300, kwa maana kitabu kilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika pesa. Na ile programu mpya nayo ilijua maneno mawili peke yake: "amelipa" na "hajalipa". Hapakuwa na mahali pa kuandika "amelipa kiasi". Kumbe mwizi hakuwepo. Kulikuwa na madeni yasiyoandikwa.

Ndugu msomaji, shika hilo. Kompyuta haiwezi kuandika jambo ambalo ninyi wenyewe hamjalipa mahali. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "programu gani ni nzuri?" tuulize "shilingi ya mgonjwa wetu inapita wapi?" Tukijua njia yake, kuchagua programu ni rahisi. Tusipoijua, tutanunua kwa macho.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili kamati yenu iweze:
(1) kuchora njia ya pesa katika zahanati;
(2) kujua maswali ya kumuuliza muuzaji;
(3) kupiga hesabu ya gharama kwa miaka 3;
(4) kuijaribu programu kabla ya kutia sahihi.

1. FUATA SHILINGI KWA SIKU SABA

Hapa Bodo samaki akishushwa hapimwi kwa macho. Huwekwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa, ndipo hesabu ya mwenye chombo na ya mabaharia ifanywe. Kila mtu anaona mizani. Katika zahanati, bili ndiyo mizani yetu. Inasema mgonjwa alipewa nini, inagharimu kiasi gani, nani atalipa, na nini kimebaki.

Kwa siku saba msinunue chochote. Chukueni karatasi kubwa, mwandike vituo anavyopitia mgonjwa: kuandikishwa, kuonwa na daktari, maabara, dawa, dirisha la pesa. Kila jioni mlinganishe mambo manne:

(a) Wagonjwa walioandikwa kwenye rejista ni wangapi?
(b) Risiti zilizokatwa ni ngapi, na waliosamehewa ni wangapi?
(c) Pesa taslimu pamoja na M-Pesa zinafika jumla ya risiti?
(d) Dawa zilizotoka stoo zinalingana na dawa zilizoandikwa kwenye bili?

Msimlaumu mtu wiki hiyo. Shabaha ni kutafuta matundu. Mara nyingi mtakuta haya: mgonjwa alilipa kwa simu ya mfanyakazi kwa sababu simu ya zahanati ilikuwa imezima, mtoto wa mfanyakazi alitibiwa bure bila kuandikwa, vidonge vilihesabiwa pakiti wakati wa kununua na kimoja kimoja wakati wa kutoa, msamaha ulitolewa kwa mdomo.

Kila tundu mtakaloliona, liandikieni kanuni fupi. Kwa mfano: "Anayeweza kusamehe bili ni muuguzi mkuu peke yake, na sababu iandikwe." Au: "M-Pesa yote iingie kwenye namba ya zahanati, si ya mtu." Kanuni hizi ndizo mtakazompelekea muuzaji. Programu ifuate kanuni zenu, sio ninyi mfuate ya kwake.

2. NANI ANALIPA?

Zamani swali hili lilikuwa jepesi: mgonjwa ndiye analipa. Leo zahanati ya kanisa yaweza kuwa na walipaji wanne au watano kwa siku moja.

Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe kwa pesa taslimu. Wa pili ni mgonjwa huyo huyo kwa simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wengi wetu hatubebi noti, hata anayevuka kutoka Funzi kwa mashua huja na simu tu. Wa tatu ni kampuni ya bima, kwa mfano ya mfanyakazi wa hoteli kule Diani. Wa nne ni mfuko wa maskini wa kanisa. Wa tano ni serikali. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF iliyokuwepo tangu 1966. Chini ya mpango huo, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba hulipwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi, na mgonjwa anatakiwa awe amejiandikisha.

Sasa angalia tofauti. Mgonjwa akilipa dirishani, pesa unayo mkononi leo. Bima au SHA ikilipa, unachokuwa nacho leo ni dai tu. Dai hutumwa kwa kompyuta, na likikosa namba ya mgonjwa, tarehe au jina la ugonjwa, linaweza kurudishwa. Dawa imeshamezwa, mshahara wa muuguzi unadaiwa, na pesa haijaja. Zahanati inayoendeshwa hivi bila kujua madai yake mangapi yako njiani itaamka siku moja ikute rafu za dawa ni tupu, huku ikiamini ina pesa.

Tena, taratibu za malipo nchini kwetu hazikai mahali pamoja. Serikali ilianza kuchangisha wagonjwa katika vituo vyake mwaka 1989, ikasimamisha ada ya wagonjwa wa nje 1990, ikairudisha hatua kwa hatua kuanzia 1992. Mwaka 2004 ikaweka shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Mwaka 2013 ikaziondoa ada hizo. Mwaka 2024 ikaja SHA. Hayo yalihusu vituo vya serikali hasa, lakini yakibadilika huko, dirisha letu nalo hutikisika, maana wagonjwa ni wale wale. Programu ambayo bei zake haziwezi kubadilishwa mpaka fundi aje kutoka Nairobi haitufai.

3. MASWALI MANANE YA KUMUULIZA MUUZAJI

(a) Inaandika malipo ya nusu? Hili tumeliona kwenye kisa. Hapa kwetu msimu wa kusi bahari huwa kali, mapato ya wavuvi hushuka, na madeni hupanda. Deni la mwezi wa 6 laweza kulipwa mwezi wa 11. Programu ionyeshe jina, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, na tarehe ya kila malipo.

(b) Mtandao ukipotea, je? Na stima ikipotea? Programu nyingine hukaa kwenye kompyuta yako, nyingine hukaa kwenye seva ya mbali na wewe huifikia kwa intaneti. Ya pili haikusumbui na fundi, lakini mtandao ukienda na wewe umesimama. Uliza kama inaweza kuendelea kuandika bila mtandao, kisha ipeleke yote mtandao ukirudi. Na kwa hali yoyote kitabu cha risiti cha karatasi kisitoke dirishani.

(c) Nani anaweza kufuta? Jibu zuri ni: hakuna. Bili iliyokosewa isipotee, bali isahihishwe, na ibaki jina la aliyesahihisha, saa na sababu. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Wote wakitumia neno moja, siku ya shida mtarudi pale pale: "huyu mtoto anakula."

(d) Bei tunaweza kubadilisha wenyewe? Na zile za zamani zinabaki kwenye bili za zamani? Ukipandisha bei ya kipimo cha malaria leo, bili ya mwezi uliopita isibadilike.

(e) Inapunguza dawa stoo? Dawa ikiandikwa kwenye bili, hesabu ya stoo ipungue hapo hapo. Bila hivyo mtajua pesa zilizoingia, lakini hamtajua dawa zilizotoka bila pesa.

(f) Siri ya mgonjwa inalindwaje? Bili husema mengi kuliko tunavyodhani. Anayeona bili ya kipimo anajua ulipimwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Uliza: habari zetu zinakaa wapi, nani huko kwenu anaweza kuzisoma, na mkataba unasemaje? Kioo cha kompyuta nacho kisielekee foleni.

(g) Inakubalika na walipaji? Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliunda wakala wa serikali wa kusimamia mifumo hii. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwa maandishi kama programu yake imeidhinishwa, na akuonyeshe dai la SHA likitumwa mbele ya macho yako. "Tunaishughulikia" si jibu. Maana yake ni bado.

(h) Siku tukiachana, nitaondoka vipi na daftari langu? Hili ndilo swali linalosahaulika kuliko yote. Kampuni huweza kufungwa, bei huweza kupanda, fundi huweza kuhama. Habari zote za wagonjwa, bili na madeni ziweze kutolewa katika faili la jedwali linalofunguka kwa Excel au LibreOffice, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipia. Liandikwe kwenye mkataba. Asiyekuachia daftari lako hajakuuzia programu, amekushika mkono.

Haya ni mazungumzo ya mfano kati ya kijana muuzaji na mweka hazina wa zahanati, mama wa makamo. Someni kwa sauti mkiwa katika kikundi.

MUUZAJI: Shikamoo Mama. Programu yetu ina kila kitu. Ripoti mia moja na ishirini!
MAMA: Marahaba mwanangu. Mimi nataka tatu tu. Leo imeingia ngapi, nani ananidai na nani namdai, na dawa gani inakwisha.
MUUZAJI: Zote zimo.
MAMA: Basi zitoe sasa hivi nione.
MUUZAJI: Hii ya kuonyeshea haina habari ndani, Mama.
MAMA: Si kitu. Nimekuja na wagonjwa wangu watano kwenye karatasi. Tuwaandike.

4. WAGONJWA WATANO WA MAJARIBIO

Mama huyo ana akili. Msikubali kuonyeshwa picha nzuri na muuzaji akigonga vitufe mwenyewe. Aketi karani wenu, muuzaji asimame nyuma akimya. Waandikeni wagonjwa hawa wa kubuni:

Wa kwanza, mvuvi. Bili 450. Analipa 200 taslimu na 250 kwa M-Pesa.

Wa pili, mama karanga. Bili 300. Anatoa 100 taslimu, 200 ni deni.

Wa tatu, mzee asiye na kitu. Bili 200. Muuguzi mkuu anamsamehe yote, sababu inaandikwa.

Wa nne, mfanyakazi wa hoteli mwenye bima. Bili 350. Halipi kitu, dai linakwenda kwa bima.

Wa tano, mwanafunzi. Bili ilikuwa 400, imeshachapwa, kisha ikaonekana dawa moja haipo stoo. Irekebishwe iwe 250. Analipa taslimu.

Kisha mwambieni: "Tupe hesabu ya siku." Jibu lake ni lazima liwe hili:

Bili zote: 1,550
Taslimu: 550
M-Pesa: 250
Deni: 200
Msamaha: 200
Dai la bima: 350

Ukijumlisha hayo matano ya chini unapata 1,550. Programu ikishindwa kuyatenganisha, au ikihitaji nusu saa, mshukuruni kijana, mpeni chai, aende zake. Ikifaulu, chomoeni waya wa stima, muwashe tena, mwone kama wagonjwa wote watano bado wamo. Mwisho mleteni mama karanga "wiki tatu baadaye" na shilingi 150. Deni lake libaki 50.

Jaribio hili linachukua saa moja na halina gharama. Lile deni la 200 lililotaka kumharibia binti wa watu maisha lingeonekana katika dakika kumi za kwanza.

5. WENZETU WALIFANYA NINI?

Msidhani kompyuta katika zahanati za shamba ni jambo la juzi. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kompyuta mwaka 2001. Zilikuwa kompyuta mbili tu zilizounganishwa, zikiwa na akiba ya umeme wa betri ya jua. Karatasi haikutupwa: daktari alijaza fomu, karani akaingiza. Walipopima muda kabla na baada, ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22. Kutokana na kazi kama hiyo ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo haina ada ya leseni na ambayo leo hutumika nchi nyingi.

OpenMRS ilianzia kwenye rekodi za matibabu zaidi kuliko kwenye bili. Ndiyo sababu wengine waliiunganisha na programu nyingine. Mfano ni Bahmni, iliyoanzia katika hospitali ya watu maskini huko Ganiyari, India. Imeshikamanisha OpenMRS na programu ya Odoo, ambayo ndiyo inayoshughulikia bili na stoo. Huko Tanzania, hospitali za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, zilichukua Care2x, ambayo nayo haina ada ya leseni.

Tunajifunza nini? Kwanza, wenzetu hawakuanza na mashine kubwa. Pili, "bure" ni leseni peke yake. Fundi wa kuiweka, mafunzo, betri, na mtu wa kumpigia simu ikigoma, vyote vina bei. Tatu, kanisa lenye zahanati kadhaa laweza kuchagua programu moja, likaajiri fundi mmoja wa wote. Kabla hamjanunua peke yenu, waulizeni ndugu wa zahanati nyingine za dayosisi wanatumia nini, na muwatembelee siku ya kazi, sio siku ya wageni.

6. HESABU YA MIAKA MITATU

Katika Injili ya Luka sura ya 14 kuna habari za mjenzi wa mnara ambaye inampasa kupiga hesabu kabla ya kuanza, asije akachekwa. Bei ya siku ya kwanza sio gharama. Tazama mfano huu. Namba ni za kujifunzia tu, wekeni zenu.

NJIA A: programu isiyo na leseni, inakaa zahanati. Kuiweka 40,000. Kompyuta 45,000. Betri na sola 25,000. Mafunzo 15,000. Fundi 12,000 kwa mwaka, miaka 3 ni 36,000. Jumla 161,000.

NJIA B: programu ya kukodi kwa mwezi, ya intaneti. Kodi 3,500 kwa miezi 36 ni 126,000. Tableti 20,000. Bando 1,000 kwa mwezi ni 36,000. Jumla 182,000.

NJIA C: vitabu vilivyopangwa vizuri, na jedwali la kompyuta la kujumlishia. Kompyuta 45,000. Betri na sola 25,000. Vitabu vya risiti 600 kwa mwezi ni 21,600. Mafunzo 10,000. Jumla 101,600.

Zahanati ikiona wagonjwa 25 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni wagonjwa 650 kwa mwezi, na 23,400 kwa miaka 3. Gawanya. Njia A ni kama shilingi 7 kwa kila mgonjwa, B ni kama 8, na C ni 4 na kidogo.

Sasa jiulizeni: shilingi hizo zitaokoa nini? Kama madai mengi ya bima yanarudishwa, au saa mbili kila jioni zinakwisha kwa kujumlisha, A au B italipa gharama yake yenyewe. Kama wagonjwa ni 8 kwa siku na wote hulipa taslimu, C inatosha kwa vitabu vyenu. Madai ya SHA yatatumwa kwa njia yake ya kompyuta, na hesabu itabaki kwenye daftari. Si aibu. Daftari lililo safi linaishinda kompyuta iliyo chafu.

Na jambo moja la kuogopa: katika Njia B, mkichelewa kodi ya mwezi mmoja, huenda mlango ukafungwa na hesabu zenu zikiwa ndani. Rudini kwenye swali (h).

7. KUANZA POLEPOLE

Mkishachagua, msizime vitabu kesho yake. Kwa miezi miwili endesheni yote mawili, karatasi na kompyuta, na kila jioni jumla zilingane. Zisipolingana, tafuteni sababu siku hiyo hiyo. Wafundisheni watu wawili, sio mmoja, maana mmoja akienda kujifungua au akipata kazi Mombasa zahanati itabaki na bubu mezani. Kila Ijumaa nakala ya akiba itolewe kwenye flashi mbili: moja ikae kwenye kabati la zahanati lenye kufuli, nyingine kwa mweka hazina, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Maji ya chumvi na upepo wetu huu havina huruma kwa kompyuta, kwa hiyo ifunikwe usiku na iwekwe mbali na dirisha la upande wa bahari.

Kila mwezi ripoti moja ya ukurasa mmoja ibandikwe ubaoni: bili zote, zilizolipwa, madeni kwa jumla bila majina, misamaha, na madai yaliyo njiani. Watu wa Bodo wakiona mizani, watajua zahanati ni yao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika zahanati yetu, deni la mgonjwa huandikwa wapi? Nani alilipitia mara ya mwisho?
2. Je, tumewahi kumshuku mtu kwa pesa ambazo hatukuzifuatilia? Tulimwomba radhi?
3. Nani ana ruhusa ya kusamehe bili? Imeandikwa?
4. Mtandao ukipotea siku tatu, mgonjwa atapata risiti kwa njia gani?
5. Tuna wagonjwa wangapi kwa siku? Tupige hesabu A, B na C kwa namba zetu.

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao fanyeni zile siku saba za kufuata shilingi, mlete karatasi yenu.

Yule binti wa kisa chetu alibaki kazini. Wazee walikwenda kwao wakazungumza na wazazi wake, na yakaisha. Kitabu cha risiti kikachapwa upya, chenye nafasi tatu: bili, amelipa, amebakiza. Kilichapwa kabla programu nyingine haijanunuliwa, na ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo.

Mungu awabariki katika kazi hii ya kutunza cha watu.